Taa Moja Kwanza: Namna ya Kujifunza Mwanga wa Studio za Zamani za Hollywood

Kila anayeanza kujifunza taa za sinema huambiwa anunue taa tatu: moja ya mbele, moja ya kujazia vivuli, moja ya nyuma. Anazinunua, anazipanga kama alivyoona kwenye mchoro, na kweli uso unaonekana. Muulize sasa kila taa iko pale kwa sababu gani. Hana jibu, kwa kuwa hakuna aliyempa sababu. Amepewa mchoro tu.

Mimi kazi yangu ni taa. Nimezibeba, nimezifunga juu ya mabomba, nimewafundisha vijana, na kila kijana nampitisha njia ileile waliyopita mafundi wa studio tangu siku walizokuwa na jua peke yake. Kila taa iliingia studio kwa sababu yake. Ukizifuata sababu hizo kwa mpangilio wake, mkono wako utajua kitu ambacho mchoro hauwezi kukupa. Njia hii ni ndefu kidogo, na ninaamini haina njia ya mkato.

Tafuta chumba unachoweza kukitia giza totoro hata mchana. Tafuta na mtu mwenye subira ya kukaa kitini, maana sanamu haina macho yanayong'aa wala mashavu yanayosogea. Kamera iwe yoyote, hata ya simu, mradi uiweke ipige picha nyeusi na nyeupe na uifunge isijirekebishe kila unaposogeza taa. Kufunga huko ni lazima. Kamera inayojirekebisha yenyewe inakuficha nusu ya kazi yako.

Taa yako ya kwanza iwe ndogo na kali: balbu moja tupu, au tochi yenye nguvu. Bapa pana la LED lina kazi zake, ila kwa mazoezi haya litakupa vivuli visivyo na kingo, na vivuli ndivyo tunavyokuja kuvisoma. Weka pembeni taa nyingine mbili ndogo, shuka jeupe, ubao mweupe, ubao mweusi, mkasi na gundi ya karatasi. Kama balbu zako ni zile za kizamani zinazochemka, usizisogezee kitambaa wala karatasi.

Jua na shuka

Mwaka 1893, kule West Orange, New Jersey, Thomas Edison alikuwa na kibanda cha kupigia filamu kilichofunikwa kwa karatasi nyeusi ya lami. Paa lake lilifunguka, na kibanda kizima kilizungushwa juu ya reli ya duara ili kulifuata jua. Miaka minne baadaye mtengenezaji filamu Georges Méliès alijenga studio ya vioo huko Montreuil, karibu na Paris. Watengenezaji filamu wa Marekani walipohamia California, jua lilikuwa mojawapo ya mambo yaliyowavuta. Majukwaa yao ya kwanza huko yalikuwa sakafu za mbao zisizo na paa, na juu yake vitambaa vyembamba vyeupe vilivyovutwa kwa waya.

Mtoe mtu wako nje jua likiwa juu. Macho yake yatakuwa mashimo mawili na pua itachora mstari mweusi. Waombe watu wawili wamshikie shuka juu ya kichwa, kisha walishushe polepole. Kadiri shuka linavyomkaribia ndivyo vivuli vinavyolainika, kwa kuwa kwake yeye shuka limekuwa chanzo kikubwa cha mwanga. Chanzo kikubwa kilicho karibu hulainisha kivuli, na chanzo kidogo au kilicho mbali hukikaza. Kanuni hiyo haijabadilika tangu wakati ule. Rudini ndani.

Kivuli cha pua

Umeme uliingia studio kwa sura mbili. Ya kwanza ni mirija ya mvuke wa zebaki aliyoibuni Mmarekani Peter Cooper Hewitt, iliyotoa mwanga wa bluu na kijani usio na wekundu. Ukanda wa filamu wa siku hizo haukuuona wekundu hata kidogo, kwa hiyo hakuna aliyepata hasara. Mirija hiyo ilipangwa safu kwa safu juu na pembeni, na mwanga wake ulimwagika kila mahali kwa usawa. Sura ya pili ni taa za karboni, ambamo umeme huruka kati ya vijiti viwili na kutoa mwanga mkali mno, wenye moshi na vumbi. Waigizaji waliumwa macho kwa sababu yake.

Taa za karboni ndizo zilizoleta kivuli. Mwaka 1915, katika kampuni ya Jesse Lasky, mwongozaji Cecil B. DeMille na mpigapicha Alvin Wyckoff walianza kuangaza upande mmoja wa uso na kuuacha wa pili gizani. Pamoja nao alikuwapo Wilfred Buckland, mbunifu wa mandhari aliyetoka kwenye tamthilia za David Belasco, ambako mchezo wa mwanga na giza ulikuwa umekomaa zamani. DeMille alipenda kusimulia kuwa wauzaji walilalamika: ukionyesha nusu ya uso, wenye majumba ya sinema watalipa nusu ya bei. Akawajibu kwamba ule ni mwanga wa Rembrandt, yule mchoraji wa Uholanzi, na filamu ikauzwa kwa heshima zaidi.

Sasa shika taa yako tupu. Hili ndilo zoezi ninalolithamini kuliko yote, na ningependa ulifanye polepole kuliko unavyodhani inafaa.

Mkalishe mtu wako mbali na ukuta, mita mbili au zaidi. Zima kila kitu, kisha washa taa ukiwa umeiweka karibu kabisa na lenzi, kwa urefu wa macho yake. Uso wote utaonekana, lakini utakuwa bapa, hauna mfupa. Pandisha taa bila kuisogeza pembeni. Kivuli cha pua kitatokea na kuanza kushuka kuelekea mdomoni. Kisimamishe katikati ya pua na mdomo wa juu. Kikigusa mdomo, uso unachafuka. Tazama na nyusi: taa inavyopanda ndivyo macho yanavyozama. Mahali pazuri ni pale ambapo mashavu yameshapata umbo na macho bado yana uhai, na mahali hapo hutofautiana kwa kila mtu, kutegemea urefu wa pua na kina cha macho. Ndiyo maana vipimo vya vitabuni haviwezi kukusaidia peke yake.

Kutoka hapo zungusha taa kuelekea upande mmoja. Kivuli cha pua kitainama na kuelekea pembe ya mdomo. Endelea mpaka kikutane na kivuli cha shavu. Kwenye upande wa giza kitabaki kipande kidogo cha mwanga chenye pembe tatu, chini tu ya jicho. Taa yako sasa iko takriban nyuzi 45 pembeni na nyuzi 45 juu, na hiyo pembe tatu ndiyo alama ya mwanga wa Rembrandt. Mwombe mtu wako ageuke kidogo kushoto, kidogo kulia. Utaona pembe tatu inafunguka na kufungika kwa mwendo mdogo sana wa kichwa. Mafundi wa studio waliweka alama sakafuni na kuwataka waigizaji wazikanyage barabara kwa sababu hiyo: hatua moja nje ya alama, jicho limezimika.

Zungusha tena hadi nyuzi 90. Nusu ya uso imepotea. Zidisha, taa ipite nyuma ya sikio, na utabakiwa na uzi wa mwanga kwenye shavu na taya. Rudi mwanzo, uzungukie upande wa pili, na utagundua kuwa nyuso nyingi zina upande mmoja unaokubali taa kuliko mwingine. Rudia zoezi hili na watu tofauti kabla hujagusa taa ya pili. Mtu anayekisoma kivuli cha pua anaweza kuitazama picha yoyote na kukuonyesha kwa kidole taa ilisimama wapi.

Kwa nini taa ya nyuma

Filamu nyeusi na nyeupe haina rangi ya kukusaidia. Nywele za kahawia mbele ya pazia la kijani huweza kutoka rangi moja ya kijivu, na kichwa kikamezwa na ukuta. Hapo ndipo ilipozaliwa haja ya taa ya nyuma. Billy Bitzer, mpigapicha wa mwongozaji D. W. Griffith, alikuwa miongoni mwa waliotumia jua lililo nyuma ya mwigizaji huku mbele wakirudisha mwanga kwa mbao nyeupe, na nywele zikapata ukingo unaong'aa.

Fanya vivyo hivyo ndani. Mweke mtu mwenye nywele nyeusi mbele ya ukuta wa giza, taa kuu mahali ulipoipenda. Kisha weka taa ndogo juu nyuma yake, imlenge kisogoni. Ifiche isiingie ndani ya lenzi, na ukate kwa ubao mweusi mwanga wowote unaoijia kamera. Iangalie pua: taa ya nyuma ikipandishwa mno au ikisogea mbele, ncha ya pua itang'aa peke yake. Ishushe nguvu mpaka uone mabega na nywele vimetengana na ukuta, kisha punguza tena kidogo. Wengi huiacha kali mno. Katika studio za miaka ya 1930 ilikuwa kali kwa makusudi, kwa sababu ilikuwa sehemu ya umaridadi wa nyota. Kwako wewe anayejifunza, anza na ile isiyoonekana.

Sauti inaingia, taa zinabadilika

Mwishoni mwa miaka ya 1920 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Ukanda wa pankromatiki, unaoona rangi zote pamoja na nyekundu, ulichukua nafasi ya ule wa zamani wa othokromatiki. Na filamu zikaanza kuzungumza. Taa za karboni zilikuwa zikivuma na kuimba, nazo maikrofoni zikanasa kila kitu. Balbu za tungsteni, zenye waya unaowaka ndani, zilikuwa kimya, na mwanga wake wenye wekundu mwingi sasa uliufaa ukanda mpya. Mwanzoni mwa 1928 majaribio makubwa ya balbu hizo yalifanyika katika studio ya Warner Bros., yakiwashirikisha wapigapicha, Akademia inayotoa Oscar, na watengenezaji filamu. Vipodozi navyo vilibadilika. Mtengenezaji vipodozi Max Factor alitoa vya kufaa pankromatiki mwaka huohuo.

Ukitaka kuona macho ya ukanda wa zamani, weka karatasi ya plastiki ya bluu mbele ya lenzi na umpige picha mtu aliyepaka mdomo rangi nyekundu. Mdomo utakuwa mweusi kabisa. Madoa ya ngozi usiyoyaona kwa macho yatajitokeza. Anga la bluu litakuwa jeupe tupu. Hapo utaelewa kwa nini waigizaji wa filamu zisizo na sauti walipakwa poda nzito kiasi kile.

Sauti ilileta na hasara ya muda. Kwa miaka miwili mitatu kamera zilifungiwa ndani ya vibanda ili mngurumo wake usisikike, na mara nyingi kamera kadhaa zilipiga tukio moja kwa wakati mmoja. Huwezi kumwangaza mtu vizuri kwa kamera tatu zilizo pande tatu. Mwanga ukarudi kuwa bapa, ukamwagwa kutoka juu. Kamera zilipovishwa vifuniko vya kuzima sauti na kutoka vibandani, mafundi walirudia ufundi wao, na safari hii walikuwa na kifaa bora.

Kifaa hicho ni taa yenye lenzi ya Fresnel, ileile iliyobuniwa kwa ajili ya minara ya kuongozea meli. Kampuni ya Mole-Richardson, iliyoanzishwa 1927, iliitoa kwa studio katikati ya miaka ya 1930. Ukisogeza balbu ndani ya taa hiyo kuelekea kwenye lenzi, mwanga unatawanyika. Ukiirudisha nyuma, unakusanyika. Kingo zake ni laini, na mabawa ya bati mbele yake hukata mwanga unapotaka. Fundi akaweza kwa urahisi kuangaza uso bila kuangaza ukuta wa nyuma yake. Huna Fresnel? Kata mwanga wa balbu yako kwa mbao nyeusi, na utumie umbali. Taa iliyo mita 1 kutoka usoni ikisogezwa hadi mita 2, mwanga unaofika ni robo tu. Kwa hiyo isogeze taa karibu na uso na umweke mtu mbali na ukuta. Ukuta utaingia gizani wenyewe.

Taa ya kujazia

Sasa, na sasa tu, gusa vivuli. Usianze na taa. Shika ubao mweupe upande wa giza wa uso na usogeze mpaka uone undani wa jicho la pili. Kama haitoshi, tumia taa ndogo nyuma ya shuka, karibu na kamera, ili isitengeneze kivuli cha pili cha pua. Pua yenye vivuli viwili ni kosa ambalo mkuu wa mafundi taa wa studio asingelivumilia hata dakika moja.

Pima kwa kamera yako: ukipunguza mwanga unaoingia hatua moja, unaukata nusu. Upande wa mwanga ukiwa mara mbili ya upande wa kivuli, una sura ya vichekesho na filamu za muziki. Mara nne, una tamthilia. Mara nane na kuendelea, mtu huyo ana siri. Piga picha zote tatu za mtu mmoja, katika mkao uleule, uziweke pamoja. Utashangaa jinsi mtazamaji anavyompa mtu yuleyule tabia tatu.

Nyuso za nyota

Studio kubwa ziliishi kwa nyuso, na wapigapicha fulani walikabidhiwa uso fulani kwa miaka. William Daniels alimpiga picha Greta Garbo katika filamu zake nyingi za MGM. Marlene Dietrich, chini ya mwongozaji Josef von Sternberg kule Paramount, aliangazwa na Lee Garmes, aliyepata Oscar kwa filamu ya "Shanghai Express" ya 1932. Mwanga wa Dietrich ndio ule wa mwanzo wa zoezi letu: taa kuu mbele, juu sana, kivuli kidogo cha pua kikishuka wima. Mashavu yanachongeka na kope zinatupa kivuli chake. Mwanga huo unataka kidevu kiinuliwe kidogo, na unawafaa wenye mifupa ya mashavu iliyo wazi. Kwa uso wa mviringo sana, rudi kwenye pembe tatu ya Rembrandt.

Chunguza machoni. Kila taa huacha nukta yake kwenye mboni, na nukta moja iliyo juu kidogo ya katikati hutosha kabisa. Jicho lisilo na nukta huonekana halina mtu ndani. Mafundi waliweka taa ndogo karibu na lenzi kwa kazi hiyo tu. Mpigapicha Lucien Ballard alipompiga Merle Oberon kwa filamu iliyotoka mwaka 1944, ambaye ajali ya gari ilikuwa imemwachia makovu usoni, aliweka taa laini karibu kabisa na lenzi ili makovu yasitupe kivuli. Taa hiyo ikaitwa Obie kwa jina la mwigizaji, na wawili hao wakaoana mwaka uliofuata. Nikiwaonyesha vijana taa hii huwa natulia kidogo. Mtu alikaa akafikiri namna ya kumlinda mwenzake kwa mwanga.

Mpigapicha James Wong Howe, aliyezaliwa China mwaka 1899, alianza na tatizo la ukanda wa zamani: macho ya bluu yalitoka meupe kama hayana mboni. Alimpiga picha mwigizaji Mary Miles Minter, na macho yake yakatoka meusi ya kuvutia. Howe akatafuta sababu, akagundua kuwa kitambaa cha mahameli nyeusi kilichokuwapo mbele yake kilikuwa kikiakisiwa ndani ya macho. Akatengeneza fremu ya mahameli yenye tundu la lenzi katikati, na kazi yake ikapanda. Jaribu leo kwa mtu mwenye macho mepesi: zungushia kamera kitambaa cheusi. Jaribu pia kinyume chake, ubao mweupe kuzunguka lenzi, kwa macho meusi sana. Ni hila ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haitumii taa. Inatumia kile ambacho jicho linakitazama.

Ngozi nyeusi

Hapa studio hazikufanya haki, na ni lazima tuseme. Vipimo vyao vyote, kuanzia vipodozi hadi mwanga, vilitungwa kwa nyuso nyeupe. Mwigizaji Mweusi aliyesimama kando ya nyota Mweupe mara nyingi aliachwa na mwanga uliopimwa kwa yule mwingine, uso wake ukapoteza undani. Haikuwa kwamba ngozi nyeusi haipigiki picha. Hakuna aliyejisumbua kuiangazia.

Namna ya kuiangazia ni hii. Ngozi hutoa mwanga kwa njia mbili: ule unaoingia ndani kidogo na kutawanyika, na ule unaoteleza juu yake kama unavyoteleza juu ya maji. Ngozi nyeusi hutawanya kidogo, lakini mtelezo wake ni uleule wa ngozi yoyote. Kwa hiyo umbo la uso mweusi unalisoma kwenye mng'ao wake. Kuongeza tu nguvu ya taa ndogo kutakupa nukta kali kwenye paji na giza kwingine. Tumia chanzo kipana: mulika shuka jeupe na uliweke karibu, pembeni, hata nyuma kidogo ya shavu. Simama kwenye kamera, umwombe mwenzako asogeze shuka mpaka uone mng'ao mpana ukitambaa kwenye mfupa wa shavu na kushuka hadi taya. Hapo simama. Mafuta kidogo usoni husaidia. Poda inayoua mng'ao inaua umbo. Pima mwanga kwa uso huohuo, wala si kwa shati jeupe alilovaa. Na kama watu wawili wa rangi tofauti wako kwenye picha moja, msogezee taa kuu aliye mweusi zaidi, kisha punguza kwa wavu au kitambaa chembamba mwanga unaomfikia mwingine. Vifaa vyote hivyo vilikuwapo studio. Wavu wa kupunguza mwanga ulitundikwa kila siku kwa ajili ya kola nyeupe.

Giza la miaka ya 1940

Filamu za uhalifu ambazo wahakiki wa Ufaransa waliziita film noir ndizo zinazowavuta vijana wengi, na ndizo watu wanazoziiga vibaya zaidi. Huzima taa, wakadhani wamemaliza. Nicholas Musuraca, mpigapicha wa studio ya RKO, alikuwa na bajeti ndogo kwenye "Cat People" ya 1942, na akaonyesha kinyume chake: kila giza lake lina kitu kimoja kilichowashwa mahali sahihi. Katika tukio la bwawa la kuogelea hatuoni mnyama. Tunaona mawimbi ya mwanga yakitembea ukutani na darini. Lifanye hilo nyumbani. Chukua karai la maji, weka vipande vya kioo cha kujitazamia ndani yake, chini ya maji, kwa uangalifu, lenga taa tupu juu ya maji, na uyaguse kwa kidole. Ukuta wako utakuwa hai.

Kwa vivuli vya mistari kama vya pazia la vipande la dirishani, kata ubao uwe na mianya sambamba. Taa iwe ndogo, tupu na mbali. Ubao uwe karibu na ukuta. Ukiusogeza ubao kuelekea taa, mistari inapanuka na kuyeyuka. Matawi ya mti yenye majani hufanya kazi vilevile. Mpigapicha John Alton, aliyezaliwa Hungaria, alipiga filamu za namna hii kwa taa chache na kwa haraka, wakati mwingine taa ikiwa sakafuni, ikitupa kivuli cha mtu juu kuliko mtu mwenyewe. Mwishoni mwa "The Big Combo" ya 1955 aliweka mwanga mkali nyuma ya ukungu na watu wawili wakawa vivuli vitupu. Kwa zoezi hilo unahitaji taa moja, moshi kidogo au mvuke, na ujasiri wa kutowasha kitu kingine.

Dari

Studio za kawaida hazikuwa na dari. Juu ya kuta za mandhari palikuwa na njia za mbao ambako mafundi walitembea na kufunga taa, na hii ndiyo sababu mwanga wa filamu za enzi hiyo hushuka kutoka juu. Mpigapicha Gregg Toland alipopiga "Citizen Kane" ya 1941 na mwongozaji Orson Welles, vyumba kadhaa viliwekewa dari za kitambaa, na kamera ikashushwa chini kuzitazama. Taa nyingi zikalazimika kuja kutoka sakafuni na pembeni. Alitaka pia mtu wa karibu na mtu wa mbali waonekane wazi kwa pamoja, na hilo linataka tundu la lenzi lifungwe sana, kwa hiyo alitumia ukanda mwepesi wa kunasa mwanga na taa kali za karboni, ambazo kufikia wakati huo zilikuwa zimenyamazishwa. Kamera ya simu itakupa kina hicho bila jasho. Kazi yako ni kuwaangaza watu watatu walio umbali tofauti, kila mmoja na taa yake, vivuli vyao visigongane.

Rangi nitaipitia haraka. Technicolor ya kanda tatu, kuanzia filamu ndefu ya kwanza mwaka 1935, ilihitaji mwanga mwingi mno, na rangi zenyewe zilitenganisha mtu na ukuta. Ukirudisha kamera yako kwenye rangi, taa ya kwanza kuijaribu ikiwa imezimwa ni ile ya nyuma.

Halafu chagua filamu yoyote ya enzi hiyo, uitazame bila sauti. Isimamishe kwenye uso mmoja. Soma nukta za machoni kwanza, kisha kivuli cha pua, kisha ukingo wa nywele, kisha ukuta. Chora kwenye karatasi mahali unapodhani kila taa ilisimama, mpe mtu wako kiti, na uzipange vilevile, ukianza na ile moja kuu huku nyingine zote zikiwa zimezimwa.